Salamu Zisizoenea Kwenye Santuri

Kila anayejua kwamba niliwahi kupiga gitaa la besi (na mimi huhakikisha kila mtu anajua, hata fundi wa bomba) huniuliza swali lilelile: bendi yenu ilikuwa na jina, mbona mliacha kutoa santuri?

Majibu ninayo, na yote ni ya kweli. Wahindi walifukuzwa, na mmoja wao alikuwa mwenye duka kule Old Kampala aliyetupeleka Nairobi kurekodi na kutuuzia santuri zetu. Duka lake likapewa bwana mmoja aliyeuza sabuni ilipokuwepo, na isipokuwepo akauza maneno. Halafu nyuzi za gitaa zikaadimika kama chumvi. Lakini miaka ile ya jeshi ni kitu gani hakikuadimika? Watu waliendelea kuoana bila sukari ya chai ya harusi. Bendi iliyoanza kupiga roki kabla ya uhuru haifi kwa kukosa nyuzi. Besi ina nyuzi nne, na kusema kweli mimi nilikuwa natumia mbili.

Sababu yenyewe ilikuwa mama yangu.

Tulikuwa watano, ila hapa nitawaeleza wawili tu. Kiongozi na mwimbaji wetu alikuwa Muganda, baba wa mapacha, kwa hiyo kila mtu alimwita Salongo, hata waliomzidi umri, maana kwao mwenye mapacha ameshapanda cheo. Mpiga drams alikuwa askari wa magereza, akikaa Luzira kwenye nyumba za askari, mtu wa kaskazini. Baba yake Mwislamu, mama yake Mkatoliki, na yeye alifunga Ramadhani kisha akala Pasaka bila kuulizwa na mtu. Huyo tulimwita Afande. Tuliimba Kiswahili kwa sababu hakikuwa lugha ya nyumbani kwa yeyote kati yetu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumcheka mwenzake.

Mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda kimoja Nakawa. Nilikuja kutoka upande wa Bungoma na cheti cha kidato cha nne, na tangu siku niliyofika nikapenda kukaa nyumbani. Wengine huzaliwa na miguu ya kutembea. Mimi nilizaliwa na makalio ya kukalia. Nilikubali kuingia bendi kwa sharti moja, kwamba mazoezi yafanyike sebuleni kwangu. Wenzangu wakadhani ni ukarimu. Mke wangu hakudhani. Aliniita Mzee wa Kiti, na kila Jumamosi spika yangu ilipoanza kunguruma, vikombe vyake vilitetemeka kabatini naye akasema kutoka jikoni, "Haya, Mzee wa Kiti amefika kazini."

Sasa mama yangu. Alikuwa na gramafoni ya betri, ile inayofungwa kama sanduku, yenye spika ndogo kama kisosi. Kila santuri yetu nilimpelekea. Na kila nilipokwenda likizo aliiweka, akasikiliza kwa adabu hadi mwisho, akaniuliza, "Wewe ndiye yupi?"

"Besi, Mama."

"Besi ndiyo ipi?"

Tunarudia. Nanyoosha kidole hewani: hii, hii, hii hapa. Spika ya kisosi haitoi besi. Mama anasikia Salongo, anasikia saksafoni, anasikia hata Afande akikohoa, lakini mwanawe hasikiki. Majirani wakaanza kumwambia kwa upole kwamba huenda mtoto ni mbeba vyombo tu, si vibaya, ni kazi pia.

Ndipo baada ya miaka kumi na moja ya kunguruma bila kusikika nikatunga wimbo. Ulikuwa wimbo wa mtu anayependa kukaa nyumbani. Sikuhangaika kutafuta mada mbali. Salongo aliusikia, akacheka hadi akavua kofia, akasema huu ndio utakuwa wa santuri mpya, na utauimba wewe mwenyewe. Nami nikapanga kwamba mwisho wa wimbo, kwenye salamu, nitamsalimia mama yangu. Jioni ileile nikamwandikia barua: Mama, safari hii utanisikia, na jina lako utalisikia.

Lazima nieleze jambo la salamu, maana ndilo lililotumaliza.

Santuri zetu zote zilimalizika kwa salamu. Wimbo ukielekea mwisho, magitaa yanapungua, mwimbaji anawataja watu: rafiki aliyetukopesha gari, mwenye baa, tajiri wa kahawa wa Masaka. Aliyetajwa hununua santuri kumi agawie shemeji zake. Ilikuwa desturi nzuri isiyo na madhara, hadi jeshi lilipochukua nchi na wakubwa wapya nao wakapenda kutajwa. Nani angewanyima? Tukamtaja kapteni mmoja. Santuri ilirekodiwa Nairobi, ikachongwa hukohuko, ikarudi Kampala baada ya miezi miwili. Katika miezi hiyo kapteni alikuwa ameondoka. Hakuna aliyesema ameondoka kwenda wapi.

Wakamwita Salongo ofisini akaeleze kwa nini anamsalimia mtu yule. Alikwenda asubuhi, akarudi jua linatua, viatu vyake havina kamba na hana hamu ya kula. Mke wangu alimpa chai. Aliishika tu mpaka ikapoa. Alichosema ni kimoja: "Niliwaambia yule mtu alikuwepo wakati naimba. Wakasema, mbona sasa bado unaimba?"

Na kweli alikuwa bado anaimba, katika kila nyumba yenye santuri ile.

Baada ya hapo Afande ndiye aliyeshika salamu. Alikuwa na kijitabu kwenye mfuko wa shati la kazi, humo akiandika nani amepanda, nani ameshuka, nani haulizwi tena. Kila Jumamosi alikuja nacho. Tulifikiri tumepata dawa. Jukwaani tuliimba salamu za wiki hii, wiki ijayo tukaimba nyingine, na hakuna aliyekamatwa. Lakini santuri haina wiki ijayo.

Nakumbuka vizuri Jumamosi ile tuliyokaa kupanga santuri ya wimbo wangu. Ilikuwa saa nane mchana, mvua imetoka kunyesha, mimi nimekaa kwenye kiti changu, na saa ya mkononi nimeivua nimeiweka juu ya meza tupime. Upande mmoja wa santuri hubeba dakika tatu na kidogo. Wimbo wangu ulichukua dakika mbili.

"Salamu," akasema Salongo.

Afande akafungua kijitabu, akasoma. Alianza na mkubwa wa juu kabisa, akaja kwa walio chini yake, akaja kwa walio chini ya hao. Alisoma kama anaita mahabusu. Nikaangalia saa. Dakika mbili na nusu.

"Afande," nikasema, "salamu zimezidi wimbo."

"Si makosa yangu. Nchi ina wakubwa mingi."

"Tuondoe wachache," akasema Salongo.

"Kale, sawa, ondoa. Ondoa wewe." Afande akamsogezea kijitabu. "Chukua kalamu. Ukimaliza, weka sahihi hapo chini."

Salongo akakitazama kijitabu kana kwamba nacho kinatoka jasho. Hakukishika.

Tukajaribu kutaja vyeo bila majina: salamu kwa mkuu wa kambi. Afande akasema kambi ile ina wakuu wawili, na kila mmoja anasema mwenzake si mkuu. Tukajaribu kuimba haraka. Salongo aliimba haraka mpaka akaishiwa pumzi kwenye cheo cha meja. Tukajaribu kutomtaja mtu yeyote. Afande akafunga macho.

"Mtu anakaa na mama watoto kwa redio," akasema, "anangoja jina yake. Wimbo inaisha. Kimya. Yeye anauliza, hawa vijana wananinyamazia kwa nini? Hiyo kimya ndiyo mbaya kuliko yote."

Basi ikabaki kukata wimbo wenyewe. Kwanza tulikata solo la gitaa, kisha ubeti wa pili, kisha saksafoni. Kwa saa yangu tukawa tumebakiwa na wimbo wa sekunde hamsini, na bado sekunde nane zimezidi. Afande akapitisha kidole chini ya ukurasa, akafika mstari wa mwisho, ule nilioomba nikiwa nimejikunja kwa haya.

"Huyu mama wa mwisho," akasema, "ni wa cheo gani?"

"Ni mama yangu."

"Ako wapi?"

"Bungoma."

"Kenya." Akafurahi kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea. "Huyo tunaondoa! Huyo atatufanya nini? Hana bunduki, hana gari, na mpaka iko katikati!"

Ningependa kuandika hapa kwamba nilisimama. Sikusimama. Nilikuwa kwenye kiti changu, na kiti kile kilinishika vizuri. Nilijikuna shingo, nikasema labda, nikasema tuone, nikasema mama ataelewa. Mke wangu alitokea mlangoni ameshika mwiko.

"Mzee wa Kiti, ile barua hujaituma?"

"Nimeituma."

"Kwa hiyo amebaki na ahadi yako na hawa wamebaki na santuri yake." Akamgeukia Salongo. "Salongo, ssebo, mimi sijui muziki. Lakini wimbo ni wa huyu, na anayeusubiri ni mmoja tu katika nchi mbili. Hao wengine wote hata hawajui kama umetungwa."

Salongo akachomoa waya wa gitaa lake kutoka kwenye spika, akauzungusha mkononi polepole, mzingo juu ya mzingo.

"Basi hatutoi," akasema.

"Hatutoi mama?" Afande akauliza.

"Hatutoi santuri. Mimi nikiimba kwa mdomo, mdomo uko na akili, unajua leo ni leo. Ile kitu haina akili. Inasalimia wafu, inasalimia waliotoroka, na huwezi kuiambia nyamaza. Hatutoi."

Kwa hiyo mjue, heshima ya mama yangu iliokolewa kwa kumnyima mama yangu santuri. Nilinuna wiki mbili. Kununa kwangu hakukuonekana sana kwa kuwa kulifanyika mahali pale nilipokaa siku zote.

Sikupata moyo wa kumwandikia Mama tena. Kunyamaza, nilidhani, kungemfanya asahau. Kumbe alikuwa amekwisha kununua betri mpya sita na kuwatangazia majirani, hasa wale wa mbeba vyombo. Miezi ikapita. Siku moja nikapokea barua iliyoandikwa na mtoto wa shule kwa mwandiko wa kujitahidi: *Mwanangu, posta imekula santuri yangu. Ninakuja kuichukua mwenyewe.*

Alishuka stesheni ya Kampala na kuku mmoja, kitenge chake kizuri, na gramafoni kichwani.

"Mama, hiyo ya nini?"

"Kitu hujaribiwa kabla ya kubebwa," akasema. "Nisije nikafika Bungoma nikakuta hailii."

Nilimwambia pale pale stesheni, maana nilijua nikishafika kwenye kiti changu sitasema. Nilimweleza salamu, kapteni, kamba za viatu, kijitabu. Alisikiliza akiwa ameshika kuku kwapani. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Lakini wimbo upo?"

"Upo."

"Basi santuri ni sahani tu. Chakula kipo. Mnapiga lini?"

Tulikuwa tunapiga Jumapili hiyo, kwenye ukumbi mmoja wa Old Kampala. Miaka ile dansi lilikuwa la mchana. Saa nane watu wameshavaa, saa kumi na mbili kila mtu yuko mbioni kwenda kufunga mlango wake. Nadhani mimi peke yangu katika mji mzima nilifurahia ratiba ile.

Mama tulimweka kwenye kiti kando ya spika yangu, nafasi pekee iliyobaki. Mbele kabisa, meza mbili, walikaa wanajeshi na bia zao. Afande alikuwa amenionyesha kijitabu nyuma ya jukwaa: majina kumi na tisa, niyashike kwa kichwa, na mama nisimtaje. "Tafadhali ndugu yangu," alisema, safari hii bila kucheka. "Leo yule mkubwa wao wa miwani nyeusi amekuja mwenyewe. Mimi niko na watoto tano."

Niliimba. Sauti yangu ni ya mbuzi aliyesahauliwa juani, lakini watu walicheza, na kwenye kiitikio cha mtu anayependa kwake wakaanza kuimba nami, wengine kwa kicheko ambacho sikukitegemea. Nadhani wengi wao siku zile walitamani sana nyumbani pawe mahali pa kukaa tu. Kisha magitaa yakapungua. Wakati wa salamu ukafika.

Nikafungua mdomo, na yote kumi na tisa yakawa yamekimbia. Mkubwa wa kwanza alikuwa nani? Nilimtazama Afande, alikuwa anayatamka kwa midomo bila sauti, macho yamemtoka. Nikamtazama Salongo, alitazama dari. Nikatazama upande wa spika, na yule niliyemwona ndiye aliyetoka kinywani.

"Salamu kwa mama yangu," nikaimba, "ametoka Bungoma, yuko hapa."

Halafu kimya. Magitaa yakazunguka palepale yakisubiri jina la pili. Jina la pili halikuja. Vidole vyangu viliendelea kupiga, maana vyenyewe havikuwa na majina ya kukumbuka.

Bwana wa miwani nyeusi akasimama.

Waliokuwa wakicheza karibu naye wakapungua kama maji yanavyopungua kwenye karai lililotoboka. Akaja hadi chini ya jukwaa.

"Wewe. Wa besi."

"Ndiyo, afande."

"Umesalimia mama yako."

"Ndiyo, afande. Nisamehe, afande."

"Mama yangu iko Arua." Akavua miwani. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. "Yeye hana masikio?"

"Anayo, afande."

"Basi imba!"

Nikaimba: salamu kwa mama aliye Arua. Akarudi mezani kwake, akakaa, akainamisha kichwa. Wa pembeni yake akapiga kelele: "Gulu! Mama yangu ako Gulu!" Mhudumu wa vinywaji, Mjaluo, akaweka trei chini: "Kisumu, bwana, Kisumu!" Masaka ikaja, Mbale, Soroti, msichana mmoja akalia akisema wake amezikwa Hoima, anafaa? Salongo akashika kipaza sauti akamjibu, "Banange, jamani, huyo ndiye wa kwanza." Wimbo wa dakika mbili ulikwenda zaidi ya nusu saa. Hakuna aliyeuliza nani ametangulia kutajwa na nani amefuata.

Katikati ya yote hayo nikamwona Mama ameweka kiganja juu ya spika. Akakitoa. Akakiweka tena. Akakipeleka tumboni kwake. Halafu akanitazama kwa jicho la mtu aliyekuta kitu alichokitafuta nyumba nzima, kumbe alikuwa amekikalia.

Tulipokuwa tunafunga vyombo alinifuata. "Kumbe wewe ni ile ya tumboni," akasema. "Mbona hukusema? Mimi nilikuwa nakutafuta kwa masikio."

Tulipokaribia Nakawa Afande akatoa kijitabu, akafungua ukurasa mpya, akaandika Bungoma, akaandika Arua.

"Mama haipinduliwi," akasema. "Kwa nini hatukufikiri?"

Kuanzia siku ile bendi yetu ilisalimia mama wa watu tu. Mkubwa akija na cheo chake tulimwuliza mama yuko wapi, na cheo kikabaki mlangoni. Kuna waliopotea, kwa kuwa miaka ile haikuacha kuwa miaka ile. Yule kijana wa miwani naye Jumapili moja hakuja, wala iliyofuata. Tuliendelea kumsalimia mama wa Arua. Hakuna ofisi iliyotuita kueleza kwa nini.

Mtasema, dawa si ilikuwa imepatikana, mkatoe santuri? Tulijaribu, naapa. Tulikaa sebuleni kwangu, saa juu ya meza, Afande akasoma kijitabu. Alisoma chai ikaisha, ikapikwa nyingine. Kila tulipotaka kukata, ilibidi kukata mama wa mtu, na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kumwambia mtu kwamba mama yake hakuenea. Salongo akasema jambo kubwa haliingii kwenye kitu kidogo, tukapiga muziki badala yake, na ikawa hivyo hadi mwisho wa bendi, miaka mingi baadaye, wanajeshi wale wakiwa wamekwisha kwenda zao.

Mama alirudi Bungoma bila santuri. Stesheni nilimwuliza atawaambia nini wale majirani. "Nitawaambia nimeisikia," akasema, "ila ni nzito, haibebeki." Gramafoni alituachia. Ipo hadi leo juu ya kabati la vikombe.

Basi hilo ndilo jibu langu, na huwa nalitoa kwa uzito unaostahili, nikiwa nimekaa. Na kila mara, nikifika mwisho, wakati mgeni ametulia na amekaribia kunionea fahari, mke wangu humalizia kutoka jikoni:

"Mwambie na ile nyingine, Mzee wa Kiti! Kwamba kurekodi kulikuwa Nairobi, na wewe safari hutaki!"

Mimi huinama, nikawasha spika, nikagusa uzi mmoja kati ya zile mbili ninazozijua, vikombe vikamjibu kwa niaba yangu.